"Ni nzito, haiendi kokote": soma hii kabla hujapakia meza ya pool kwenye kirikuu

Pamba ikishaanza kuuzwa, hela inaonekana Simiyu, na wote tunajua inakoelekea. Mwenye baa wa Dutwa anataka meza ya pool. Kijana wa Lagangabilili aliyevuna vizuri anataka kuanza biashara ya kukodisha muziki, anaulizia spika mbili kubwa na jenereta. Mtu wa Mwanhuzi kaona picha kwenye status yako, anauliza, "Mpaka huku kwangu inafika?" Unajibu "inafika, bosi", halafu ndio unaanza kutafuta gari.

Hapo kwenye "inafika, bosi" ndipo mtaji wa wengi unapopotelea. Nguo na viatu ukivitia kwenye kiroba ukampa kondakta wa basi, vinafika. Vitu vya burudani ni habari nyingine. Ni vizito, vina kona, vina sehemu zinazovunjika, na mteja anavitaka kama vilivyokuwa kwenye picha. Faida ya meza tatu inaweza kuliwa na jiwe moja lililopasuka njiani. Na hiyo ni pesa tu. Kuna kijana wa kubeba mizigo ambaye kila safari anaambiwa apande juu ya meza "aishikilie". Huyo tutamrudia.

Leo tuongelee kupakia na kufunga. Nitatumia sana mfano wa meza ya pool, kwa sababu ukiiweza hiyo, vingine havikusumbui.

Kuna sentensi utaisikia kila sehemu wanapopakia mizigo: "Hii nzito bwana, haiendi kokote. Kamba moja inatosha." Anaisema dereva, anaisema mbebaji, na muuzaji anaikubali kwa sababu anataka gari liondoke. Sasa fikiria upo kwenye basi, dereva akafunga breki ghafla kwa sababu ng'ombe wamekatiza. Nani anabaki kwenye kiti kwa sababu ni mnene? Hakuna. Wote mnakwenda mbele, na mnene ndiye anayeumiza aliyekaa mbele yake.

Mzigo nao ni hivyo hivyo. Uzito unaongeza kung'ang'ania kwenye bodi, kweli, lakini unaongeza kwa kiwango kilekile nguvu inayousukuma mbele gari linaposimama. Zinafutana. Boksi la kilo 30 na meza ya kilo 300, zikiwa juu ya bodi moja na kitako cha aina moja, zinaanza kuteleza kwenye breki ileile. Tofauti inakuja baada ya hapo: boksi utalizuia kwa mkono, meza inaingia kwenye kebini.

Ndiyo maana kanuni za kufunga mizigo, za Ulaya na za Marekani, zinakubaliana kwenye namba zilezile. Mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma kwa asilimia 50. Kwa meza ya kilo 300 hiyo ni kama kilo 240 kuelekea mbele na kilo 150 kila upande. Jiulize kama ile kamba moja ya nailoni iliyofungwa kwa fundo la haraka inaweza kushika kilo 240. Ongeza na matuta. Gari likiruka tuta, kwa sekunde hiyo mzigo unakuwa mwepesi juu ya bodi, na kule kung'ang'ania kwote kunapotea.

Spidi nayo usiichukulie poa. Barabara ya Bariadi–Lamadi ni lami, kama kilomita 72, na ile ya Bariadi–Maswa ni kama 50. Ukiwa na lami nzuri mbele yako mguu unakuwa mzito. Lakini gari likitoka 40 kwenda 80 kwa saa, nguvu ya mwendo inayotakiwa kuuliwa na breki haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne.

Basi tuanze na kitu ambacho wauzaji wa mtandaoni karibu wote hawakiandiki kwenye tangazo: kilo.

Meza ya pool ya fti 7 yenye jiwe inacheza kwenye kilo 300, nyingine zinazidi. Kama muuzaji wako wa jumla hakukwambia, unaweza kukadiria jiwe mwenyewe. Lile jiwe linaitwa sleti, na mita moja ya ujazo ya sleti ina uzito wa kama kilo 2,700. Jiwe la mita 2 kwa mita 1 lenye unene wa sentimita 2 linakupa kilo 108, peke yake, bila mbao, bila fremu, bila miguu. Meza yenye ubao badala ya jiwe ni nyepesi zaidi, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujamtajia mteja bei ya usafiri.

Halafu gari. Kirikuu zetu, zile Suzuki Carry na Daihatsu Hijet, ni gari ndogo za Kijapani za injini ya cc 660, na huko zilikotoka mzigo wake wa mwisho ni kilo 350. Weka meza ya kilo 300, umebakiwa na 50. Sasa wapandishe wabebaji watatu nyuma, tuseme wa kilo 65 kila mmoja. Umefika 495. Spring zimekaa, breki zimekuwa ndefu, na dereva anakwambia "mbona huwa tunabeba tani". Kubeba anabeba. Swali ni kama atasimama pale anapotaka kusimama.

Na usitegemee mizani ikuamulie. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inayahusu magari ya kuanzia kilo 3,500 kwa jumla ya gari na mzigo. Kirikuu haifiki huko. Hakuna ofisi itakayokupimia, kwa hiyo ujipimie mwenyewe.

Urefu nao una maneno yake. Bodi ya kirikuu haifiki mita 2, na meza ya fti 7 kwa nje inapita mita 2. Lazima mlango wa nyuma ufunguliwe na meza itokeze. Kutokeza kidogo sio dhambi, ila mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua ya gari, na dereva atakwambia usukani umekuwa mwepesi. Wepesi huo maana yake tairi za mbele hazishiki barabara vizuri. Hilux ya dabo kebini ndiyo inayodanganya watu zaidi: inaonekana gari la maana, lakini bodi yake ni kama mita 1.5 tu. Kwa meza nzima, tafuta pikapu ya kebini moja yenye bodi ndefu, hata kama inaongeza bei kidogo. Mwambie mteja ukweli huo mapema. Mteja anaelewa zaidi bei kubwa iliyoelezwa kuliko meza iliyopasuka na maelezo mengi.

Kabla hujapiga simu kwa dereva, tuma ujumbe wa namna hii:

"Kaka, habari ya kazi. Nina meza ya pool, kilo kama 300, urefu mita 2 na sentimita 20, kutoka Bariadi mjini kwenda Mwanhuzi. Bodi yako ina urefu gani? Kuna ndoano ngapi za kufungia? Mikanda ya kukaza unayo au nije nayo? Watu wa kupakia nawaleta mimi, lakini hawapandi juu ya mzigo."

Dereva atakayejibu vizuri maswali hayo, mtunze. Atakayecheka, mpe mizigo ya viroba.

Sasa kupakia. Siku moja kabla, toa mipira ya kuchezea, fimbo, na kila kinachochezacheza ndani, na mifuniko ya mashimo ifungwe. Toa miguu. Watu wanaona uvivu kutoa miguu kwa sababu zile bolti zina kutu, lakini meza iliyosimama kwa miguu juu ya gari ni sawa na mtu aliyesimama kwenye basi bila kushika kitu: kizito kiko juu, kwato ndogo chini. Ukitoa miguu meza inalala chini, na kazi yote iliyobaki inakuwa nusu. Bolti na nati ziingie kwenye mfuko mmoja, mfuko uingie kebini kwa dereva. Zikipotea njiani, Mwanhuzi usiku utazitoa wapi?

Kama meza yako ni ya aina ambayo jiwe linatoka, litoe na ulisafirishe peke yake. Jiwe hubebwa kwa ubavu, kama vioo vya madirisha vinavyobebwa. Ukilibeba limelala, watu wawili huku na wawili kule, uzito wake wenyewe unaliminya katikati na linaweza kukatika mikononi mwenu. Kwenye bodi kama unalilaza, liwe limeegemea godoro au mbao nyingi zilizopangwa karibu karibu, sio mbao mbili za mwisho tu huku katikati kukiwa hewa.

Kisha fagia bodi. Najua inasikika kama utani. Lakini mchanga, pumba na mbegu za pamba zilizobaki kwenye bodi ni kama goroli chini ya mzigo wako.

Baada ya kufagia, tandika mpira: kapeti zito la mpira au vipande vya tairi chakavu, vikavu na visivyo na mafuta. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote kwenye makala hii, kwa hiyo tupige hesabu. Tuchukulie bodi tupu ya chuma inashika mzigo kwa asilimia 30 ya uzito wake. Meza ya kilo 300 inapata kilo 90, na tulisema inahitaji 240 kwenye breki kali. Upungufu ni 150, na yote hiyo inatakiwa itoke kwenye mikanda. Mikeka ya mpira iliyotengenezwa maalumu kuzuia kuteleza huhesabiwa asilimia 60 huko Ulaya. Hapo unapata 180, umebakiza 60 tu. Tairi chakavu huenda lisifike 60 kamili, lakini bado litakupa zaidi ya chuma kitupu.

Mpira mwingine, ule wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye baiskeli na bodaboda, ndio wa kukataa. Tyubu inavutika. Kwa kiroba cha mchele ni sawa, inakibana. Kwa kilo 300, gari likifunga breki tyubu inaurefusha mwili wake, meza inasogea hatua moja, halafu inakatika. Mpira ukae chini ya mzigo, juu yake usiwepo.

Juu inatakiwa mikanda ya kitambaa yenye kikazio cha chuma cha kupiga kwa mkono, ile watu wanaita racheti. Mingi ina lebo. Tafuta herufi LC: hiyo ndiyo nguvu inayoruhusiwa, imeandikwa kwa daN, na daN 1 ni karibu sawa na kilo 1. Mkanda usio na lebo, au uliochanika pembeni, au uliowahi kufungwa fundo, usiutumie kwa mzigo huu. Kamba nzuri nene nayo inafaa kama mkanda hakuna, ila fundo linaweza kupunguza nguvu ya kamba hata kwa nusu. Kamba inayoandikwa imara dukani, ukishaifunga fundo sio ile tena.

Sukuma meza hadi iguse ukuta wa mbele wa bodi, nyuma ya kebini, na katikati uweke godoro au gunia lililokunjwa. Hii ni bora kuliko mkanda wowote, kwa sababu mzigo ambao tayari umeegemea hauna nafasi ya kupata kasi. Kama kwa sababu ya urefu au uzito huwezi kuufikisha mbele, jaza lile pengo kwa mbao au matairi. Usiache hewa.

Mikanda miwili ipite juu kwa upana, mmoja theluthi ya mbele, mwingine theluthi ya nyuma. Kanuni za Marekani nazo zinataka isipungue miwili kwa kitu cha urefu wa kati ya fti 5 na 10 ambacho hakijazuiwa mbele. Chini ya mkanda, lala ubao unaoegemea fremu za pembeni, na blanketi chini ya ubao, ili unapokaza usiliminye jiwe katikati wala kuharibu kingo zile za mpira mpira zinazorudisha mipira. Mkanda ushuke karibu wima. Ukishuka kwa kulala sana, tuseme nyuzi 30 tu kutoka kwenye bodi, unabana nusu tu ya nguvu uliyokaza. Kila mkanda unapopita kwenye kona, weka boksi lililokunjwa au kipande cha tairi. Halafu mkanda wa tatu uzunguke nyuma ya meza na kuvutwa mbele pande zote mbili, kuzuia isirudi nyuma gari linapopanda mlima au dereva anapoondoka kwa fujo.

Unafungia wapi? Kwenye ndoano zilizochomelewa kwenye bodi au kwenye chesesi. Zile bawaba za mlango wa bodi ni za mlango. Zimechukua mizigo mingi ya watu kwa sababu zinaonekana kama ndoano.

Kama meza inatokeza, funga kitambaa chekundu mwisho wake. Usiku kitambaa hakionekani, kwa hiyo weka taa, au bora zaidi usisafiri usiku.

Spika zina ugonjwa tofauti: haziteleza sana, zinaanguka. Kuna kipimo cha macho cha haraka. Kama urefu wa spika umefika mara mbili ya upana wa kitako chake, kukwepa ng'ombe mmoja kwa ghafla kunatosha kuilaza. Kwenye breki kali hata ya urefu mdogo kuliko huo inaweza kwenda. Kwa hiyo ilaze wewe mwenyewe kabla barabara haijailaza: chali, uso wenye koni ukiangalia juu, godoro chini, turubai juu. Mixer na amplifaya ziende kebini. Jenereta ibaki wima, petroli ipunguzwe na mfuniko ukazwe, na isilale kamwe kwa sababu ya oili. Na lile puto la watoto la kurukia, likikunjwa linakuwa gurudumu. Litie vizuizi pande zote, maana hilo linabingirika.

Waliokuwa wakibeba mahema na muziki kwenda Nyakabindi wakati Nanenane kitaifa ilipofanyika pale, kuanzia 2018, wanajua msongamano wa asubuhi ya maonyesho: kila mtu anapakia kwa haraka. Haraka ndiyo inayoleta wazo la kijana kukaa juu ya mzigo. Tuseme wazi. Meza inayotaka kwenda mbele kwa nguvu ya kilo 240 haishikiwi na mtu wa kilo 65. Anachofanya pale juu ni kuwa kati ya meza na kebini, au kati ya meza na barabara. Kama mzigo unahitaji mtu wa kuushikilia, haujafungwa. Wabebaji wakae kebini kama nafasi ipo, au wapande bodaboda wakutane na gari huko. Nauli hiyo iweke kwenye bei tangu mwanzo, mteja hatoiona kubwa ikiwa ndani ya jumla.

Tukifika kwenye pesa: mzigo ukivunjika ni wa nani? Bima ndogo ya gari inamlinda mtu mwingine aliyegongwa, na bima kubwa inaongeza gari lenyewe. Meza yako haimo humo, isipokuwa kama kuna bima ya mali safarini. Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inasema kama hamkukubaliana vingine, hasara inamfuata aliye mwenye mali wakati huo. Ndiyo maana maneno "mali ni yako ikishapakiwa" au "mali ni yangu mpaka ifike kwako" yaandikwe kwenye WhatsApp kabla hela haijatumwa. Kwa maoni yangu, muuzaji anayejiamini anachukua la pili na kuliweka kwenye bei. Wateja wa wilayani wanaambiana.

Piga picha nne za mzigo uliofungwa: mbele, nyuma na pande mbili. Mtumie mteja palepale.

Gari likiondoka, dereva asimame baada ya kilomita chache, kabla hajatoka mbali na mji, akaze tena. Mzigo unakaa, godoro linajibana, mikanda inalegea. Hiyo ni kawaida hata ukifunga vizuri namna gani. Asimame tena anapoacha lami. Njia nyingi za kuingia vijijini kwetu ni udongo mweusi wa mbuga, na mvua ikipiga gari linatembea kwa ubavu kama kaa. Siku ya mvua, kwa mzigo wa jiwe, ahirisha. Mpigie mteja, mwambie kesho.

Mkifika, msifungue mikanda kwa pupa. Angalia kwanza kama meza imeegemea upande mmoja, maana mkanda ukiachia itakuja upande huo, na asisimame mtu pale. Rudisha miguu, weka pima maji juu ya jiwe, rekebisha hadi povu likae katikati, kisha mwachie mteja apige mpira mmoja taratibu kutoka kona hadi kona. Ukienda bila kupinda, piga picha yake akiwa na fimbo mkononi, mwambie aandike "nimepokea, iko nzima", ndipo umlipe dereva salio lake.